Surua Haikai Kwenye Ngozi

Nyumba yenye mtoto wa surua haikosi daktari wake. Aghalabu ni bibi, pengine shangazi, pengine jirani mwenye sauti kubwa, na hukumu yake ni moja na haina rufaa: "Mwacheni, upele utoke wote." Basi mtoto hufunikwa shuka, madirisha hufungwa, kuoga hupigwa marufuku, na watu wazima huketi kitako kuhesabu vipele. Vikitokeza nyuma ya masikio, vizuri. Vikishuka kifuani, vizuri zaidi. Vikifika miguuni, nyumba nzima hushusha pumzi: ugonjwa umetoka nje, kilichobaki ni kwenda zake. Mimi nami nilihesabiwa hivyo nilipokuwa mdogo, na leo naandika kuipinga hesabu hiyo.

Isidhaniwe nawacheka wazee. Waliosoma nao wana toleo lao la rai ileile, ila lao limevaa tai: surua ni ugonjwa wa utotoni, kila mtu aliupata enzi zile, hupita wenyewe. Ukiwa Kenya utasikia ikiitwa ukambi. Kwingine huitwa shurua. Majina hubadilika, rai haibadiliki. Bibi na msomi wote wanaamini kwamba surua ni jambo la ngozi, na ngozi ikitakata mambo yamekwisha. Ninachodai mimi ni hiki: surua ni ugonjwa wa pumzi unaoweza kuishia machoni na ubongoni, na anayeukodolea upele ameweka mlinzi dirishani ilhali mwizi alishaingia kwa mlango wiki mbili zilizopita.

Wiki mbili hizo sikuzitaja kunogesha maneno. Virusi vya surua huingia kwa hewa. Mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, hewa ya chumba kile inaweza kuambukiza hadi saa mbili baadaye. Vikifika mapafuni huzikamata seli za kinga zenyewe, zile zinazokaa doria humo, na hizo ndizo zinazovibeba hadi kwenye tezi za limfu, mahali kinga inapokusanyika. Jambazi amepanda gari la polisi, tena kaketi kiti cha mbele. Kwa siku kumi hivi mtoto anacheza kama kawaida. Kisha homa, kikohozi, mafua, na macho mekundu yanayokimbia mwanga. Upele hufuata baadaye, kwa wastani siku ya 14 tangu alipoambukizwa, na siku nne kabla ya kipele cha kwanza mtoto ameshaanza kuwapa wenzake. Ndiyo maana mgonjwa mmoja, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Bibi anapoanza kuhesabu, virusi vimekwisha kuzunguka mwili mzima.

Na huo upele wenyewe ni nini? Hapa ndipo nadharia ya "utoke wote" inapovunjika mguu. Upele si uchafu unaotafuta njia ya kutoka. Ni alama ya kinga ya mtoto ikizishambulia seli za ngozi zilizoingiliwa na virusi. Madaktari wamewaona watoto wenye kinga iliyochoka mno, wakiwemo wenye VVU na wenye saratani ya damu, wakiugua surua bila kutoa upele wowote, kisha wakafa kwa mapafu. Najua bibi atakavyojibu: "Si nilisema? Umekatalia ndani." Jibu tamu, lakini limefunga punda nyuma ya mkokoteni na mkokoteni mbele. Upele haukuonekana kwa sababu mwili haukuwa na nguvu za kupigana. Shuka nzito haiziongezi nguvu hizo; inamwongezea mtoto joto juu ya homa aliyo nayo.

Kinachotuponza ni mazoea ya kuupa ugonjwa makazi kwa kuangalia pale tunapouona. Mafua ni ya pua, kikohozi ni cha kifua, upele ni wa ngozi. Lakini hatufanyi hivyo kwa polio. Virusi vya polio huingia kwa mdomo na kuzaana tumboni, na walio wengi wanaoambukizwa hawaumwi hata kichwa. Wachache tu ndio ambao virusi hupanda hadi uti wa mgongo na kuwaacha na mguu uliopooza. Hata hivyo sijapata kusikia mtu akiiita polio ugonjwa wa tumbo. Tulikubali zamani kuipima polio kwa mahali inapoumiza. Surua tumeinyima heshima hiyo, kwa kuwa upele wake unaonekana sana na madhara yake makubwa yanajificha.

Nianze na macho, maana huko ndiko nchi yetu ilikoifundisha dunia jambo.

Mvumi ni hospitali ya mkoani Dodoma, katika nchi kavu ya Wagogo, ambako mboga za majani zina msimu na msimu wake ni mfupi. Katika miaka ya 1980 madaktari waliofanya kazi huko, akiwemo Allen Foster wa macho, walikuwa wakipokea watoto wenye vidonda kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Katika watoto 130 wa Kitanzania wenye vidonda vya namna hiyo waliochunguzwa na kuandikwa katika jarida la Uingereza la macho mwaka 1987, zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Wengi waliopofuka macho yote mawili walikuwa na upungufu wa vitamini A. Na miongoni mwa sababu kubwa zilizotajwa ni dawa za kienyeji zilizotiwa machoni na watu waliotaka kumsaidia mtoto.

Jicho la mtoto wa surua huharibika kwa njia kadhaa, na ni vema kuzijua. Kwanza virusi vyenyewe hukwaruza ngozi nyembamba ya konea. Kwa mtoto aliyeshiba, mikwaruzo hiyo hupona bila kuacha alama, na hao ndio wanaowapa watu jeuri ya kusema surua hupita. Kwa mtoto ambaye akiba yake ya vitamini A ilikuwa ya kuungaunga, mambo ni mengine. Homa inaimaliza akiba hiyo, kuharisha kunaizuia isifyonzwe, na vidonda vya mdomoni vinamfanya akatae kula. Konea hukauka, hupoteza mng'ao, hulainika. Inaweza kuyeyuka katika muda wa siku chache, wakati mwingine kati ya jioni na asubuhi, na jicho lililoyeyuka konea halirudi. Juu ya hapo, virusi vingine vilivyokuwa vimelala mwilini, vya herpesi, huona mlinzi kaondoka navyo huchimba kidonda chao. Na mtoto aliyedhoofu sana hulala macho nusu wazi, vumbi likiingia, kwa kuwa hana hata nguvu ya kufumba.

Yote haya hutokea wakati ule ule ambapo nyumba inashangilia kwamba upele umefika miguuni.

Mwaka huo huo wa 1987 ulitoka utafiti mwingine wa Mvumi, mfupi, ambao ningependa kila mhudumu wa afya aukariri. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu ya kawaida. Nusu yao wakaongezewa vitamini A, vitengo 200,000 siku ya kulazwa na vingine 200,000 kesho yake. Tisa kati ya kila kumi walikuwa wameingia hospitalini damu yao ikiwa na upungufu wa vitamini hiyo. Kati ya 88 waliopewa, walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa, walikufa 12. Wapenda takwimu watasema, na wana haki, kwamba tofauti hiyo peke yake ingeweza kuwa bahati. Lakini watazame walio chini ya miaka miwili: kati ya 46 waliopewa alikufa mmoja, kati ya 42 wasiopewa walikufa saba. Leo Shirika la Afya Duniani linaagiza vitamini A kwa kila mtoto mwenye surua, dozi mbili siku mbili mfululizo, na ya tatu wiki kadhaa baadaye ikiwa macho yameonyesha dalili. Ni kile kijikapsuli cha rangi kinachokatwa ncha na kukamuliwa mdomoni, cha buluu kwa ambaye hajatimiza mwaka na chekundu kwa aliyetimiza. Sehemu ya ushahidi wa sharti hilo ilikusanywa vumbini Dodoma, na bado Dodoma hiyo hiyo utamkuta mtu anayemnyima mtoto wa surua mayai na mafuta eti yatauzuia upele kutoka.

Hilo la dawa za macho nisiliache hivi hivi. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipita Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ofisi na madarasa yakajaa miwani ya jua. Milipuko ya namna hiyo mara nyingi huletwa na virusi vya adeno, jamaa ya vile vinavyowapa watoto mafua na koo. Na kwa mtu mzima mwenye afya aghalabu ugonjwa huo hupita wenyewe. Hata hivyo Wizara ya Afya ililazimika kuwaonya watu waache kujitia machoni kila walichoambiwa na jirani. Kama watu wazima wa mjini, wenye simu mkononi, walihitaji kuonywa hivyo, nani atamlinda mtoto wa miaka miwili asiyeweza kusema "inawasha"? Jicho lenye surua ni kidonda kibichi. Linahitaji maji safi, kitambaa safi, vitamini A, na mhudumu wa afya mwenye tochi.

Sasa ubongo.

Anayeniambia kwamba surua huumiza watoto wenye njaa tu, nampeleka Uingereza. Mwaka 1962 mwandishi Roald Dahl, yule wa vitabu vya watoto, alikuwa na binti wa miaka saba, Olivia, aliyeugua surua. Hakuwa na njaa na hakuwa mbali na daktari. Alikuwa ameanza kupata nafuu, baba yake ameketi kitandani akimfundisha kutengeneza vinyama vya kuchezea, alipogundua kwamba vidole vya mtoto havifuati anachotaka kufanya. Saa moja baadaye hakuwa na fahamu. Saa kumi na mbili baadaye alikuwa amekufa. Ubongo ulikuwa umevimba. Chanjo ya surua ilipata kibali Marekani mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka 20 baadaye Dahl aliwaandikia wazazi barua ya wazi akiwasihi wawachanje watoto wao, na mtu anayeisoma anaona kwamba baba yule hakuwahi kutoka chumbani mle.

Uvimbe huo wa ubongo humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila elfu moja wanaougua surua. Mmoja kati ya elfu, mtu atasema, ni wachache. Sawa, zidisha kwa wilaya. Na wanaonusurika, baadhi yao hubaki na kifafa, uziwi au akili iliyorudi nyuma. Kwetu jambo hili lina balaa lake la ziada: mtoto wa surua akianza kukakamaa na kugeuza macho, watu husema ni degedege, na degedege kwa wengi ni shauri la mganga. Saa ambazo angekuwa wodini anafukizwa ubani. Sisemi mganga ndiye aliyemuua. Nasema kwamba kama familia ingejua kuwa surua hupanda kichwani, ingejua pia kwamba mshtuko ule ni surua ileile, wala hakuna shetani mpya aliyeingia.

Kisha kuna ugonjwa ule ambao hata mimi, niliyezoea kusoma mambo haya, bado unanisumbua. Madaktari huuita kwa herufi nne, SSPE. Mtoto anaugua surua, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka miwili. Anapona. Anaanza shule, anacheza mpira, surua imesahaulika hata na mama. Miaka saba hadi kumi ikipita, mwalimu analeta malalamiko: alama zimeshuka, mwandiko umeharibika, kijana anasahau. Halafu mwili unaanza kushtukashtuka. Halafu hatembei. Halafu haongei. Virusi vilikuwa vimejibanza ndani ya seli za ubongo muda wote huo, vikijibadili polepole. Tiba ya kuuponya haipo, na karibu wote hufa. Ni ugonjwa adimu, nakubali. Lakini mtoto huyo angeandikwa wapi katika daftari la bibi? Ameandikwa "upele ulitoka wote, alipona."

Na kwa wale wanaonong'ona kwamba chanjo yenyewe ndiyo inayoharibu ubongo: virusi vilivyokutwa katika ubongo wa watoto wa SSPE, vilipopimwa nasaba, vilikuwa vya surua ya mtaani. Vya chanjo havijapata kukutwa. Ile makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyozusha hofu ya usonji, jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, na mwenyewe akavuliwa leseni ya udaktari mwaka huo huo. Sitapoteza wino zaidi hapo.

Hoja nzito ya wapinzani wangu ni nyingine. "Sisi tuliugua, tukapona, na hatukuugua tena maisha yetu yote. Kinga ya Mungu haina mfano." Nusu ya maneno haya ni kweli tupu. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa visiwa vya Faroe, ambako surua ilikuwa imerudi baada ya kutoonekana tangu 1781. Kati ya watu wasiofika 8,000, takriban 6,000 waliugua. Wazee walioipata miaka 65 nyuma hawakuguswa hata mmoja. Kwa hiyo ndiyo, aliyeugua surua hurudiwa nayo kwa nadra mno.

Nusu ya pili ndiyo iliyooza. Kumbuka virusi hivi hupanda gari la polisi. Seli za kinga vinazoziua ni zile zinazotunza kumbukumbu za maradhi mengine yote ambayo mtoto amewahi kukutana nayo. Utafiti uliochapishwa 2019, wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, ulipima kingamwili zao kabla na baada ya surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya akiba yao. Mtoto anatoka kwenye surua akiwa na cheti cha surua mkononi na shahada nyingine zote zimeungua. Nimonia au kuharisha kukimuua miezi mitatu baadaye, nani atakumbuka kulaumu upele wa mwezi ule? Chanjo humpa cheti kile bila kuchoma kabati.

Na hao "sisi tuliopona" nao wana kasoro moja: ndio waliobaki kusimulia. Katika tafiti za shule za wasioona za Afrika Mashariki za wakati ule, makovu ya konea ndiyo yaliyokuwa chanzo kikubwa cha upofu, na nyuma ya makovu mengi ilikuwepo surua. Siku hizi watoto wa namna hiyo wamepungua sana. Wamepunguzwa na chanjo na matone ya vitamini A ya kila Juni na Desemba, kisha sisi tunautumia upungufu huo kama ushahidi kwamba surua ilikuwa nyepesi tangu zamani. Anayetaka kuona uzito wake pasipo chanjo ya kutosha aangalie Kongo. Mwanzoni mwa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba waliokufa kwa surua katika mlipuko wa nchi hiyo wamepita 6,000. Wakati huohuo Ebola ya Kivu na Ituri, iliyojaza magari ya mashirika na kamera za dunia nzima, iliua zaidi kidogo ya watu 2,200 hadi ilipomalizika katikati ya mwaka huo. Ebola inatisha kwa sura. Surua ina sura ya utoto.

Wenzangu wa upande wa afya nao nisiwaachie. Mabango mengi ya surua niliyoyaona yana picha moja, mtoto mwenye vipele, na hivyo yanafundisha lilelile analofundisha bibi. Nimewahi kukaa foleni kliniki nikamsikia mhudumu akimwambia mama "mlete tena" bila kumwambia kwa nini. Mama alirudi nyumbani akijua kwamba mwanawe "ameshachanjwa". Chanjo inayotolewa miezi tisa huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100, maana wengine bado wana kingamwili za mama zinazoizima. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayowaokota waliobaki. Wakati huo mtoto anatembea, hapelekwi tena kupimwa uzito, na kadi imeshalala chini ya godoro. Kosa hilo si la bibi.

Basi msomaji wangu, kabla hujalala leo itoe kadi hiyo. Tafuta mstari wa surua-rubela wa miezi 18. Ukiukuta mtupu, na mtoto ameshapita umri huo, mpeleke kesho, hajachelewa. Na ikitokea nyumbani kwako pana mtoto mwenye homa, mafua na macho mekundu yanayokimbia mwanga, usingoje kipele cha kwanza. Mpeleke zahanati, uwaambie mapema kwamba unahofia surua ili wamtenge na wengine, kisha uulize kwa sauti: vitamini A yake iko wapi?